Poncho la Baba na Vichwa vya Ukoo

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako nimejiitikia mwenyewe, maana nimeizoea. Hatujambo, mvua zimeanza huku Mhunze, na leo nina furaha hadi naona aibu. Lile poncho lako la mvua ulilorudi nalo kutoka vita vya Burma ni langu!

Siku ya kuanua matanga wazee walikaa kugawana nguo zako. Baba mdogo Luhende, mdogo wako wa mwisho, alichukua koti la kaki, wengine wakachukua viatu na kofia. Lilipotolewa poncho nikapiga magoti nikaliomba. Shamba langu liko mbali, mtoto bado namnyonyesha, kila siku nilikuwa namloanisha mgongoni, hata akawa anakohoa. Baba mdogo akasema, "Mtoto wa kike harithi nguo ya baba yake. Mabega ya kiume yapo hapa." Wazee wakaitikia. Nililia mbele za watu.

Basi akaamua kulivaa palepale. Wee! Hukuwaambia kwamba lile tundu la kichwa ulilibana kwa uzi wa katani ili maji yasikuingie shingoni. Lilimfika puani likagoma. Kuvuta juu halitoki, kusukuma chini haliendi. Tunasikia sauti tu humo ndani: "Nitoeni, ng'ombe nyie!" Walimvuta wanaume wawili. Mzee mwingine naye akajaribu, yakawa yale yale. Kumbe ukoo mzima vichwa vibuyu! Mama, ambaye tangu tukuzike alikuwa hajacheka, alianguka mkekani kwa kicheko huku machozi yakimtoka.

Ndipo akasema, "Mpeni Kabula naye ajaribu." Unakumbuka ulivyonitania kwamba nimechukua kichwa chako kidogo na ulimi wa mama yangu? Kiliingia chap! Mzee mkubwa akasema, "Basi, marehemu mwenyewe kashamchagua." Hata Baba mdogo alicheka akanipigia makofi.

Sasa poncho linafanya kazi nyingi kuliko ulipokuwa hai. Naenda nalo shambani, mtoto kalala mgongoni humo ndani, mkavu kabisa, na watu njiani wanadhani nina kibiongo. Jua likitoka nalitandika naanikia mtama. Juzi paa lilivuja tukalitundika juu ya kitanda cha Mama. Bado linanuka tumbaku yako. Hapo ndipo nakukumbuka sana, Baba, nabaki nimelishika pindo tu, kazi zinanisubiri. Na kikohozi cha mtoto kimekwisha.

Jana Baba mdogo kaja na wembe mfukoni, ananibembeleza tulipanue tundu kidogo tu, tuwe tunaazimana. Nimempa kigoda, nimempa uji, wembe nimemnyang'anya.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi, nikiwa hai hakuna atakayeukata uzi wako. Wenye vichwa vikubwa waloe tu.

Binti yako,
Kabula