Kona ya Pili

Jumanne, 5 Agosti

Nimekata pete nne za tairi baada ya chai. Bomba la maji la plastiki, msumeno, msasa. Mpira unashika sakafu, plastiki inateleza, na sisi tunataka gari liteleze. Pete ya tatu ilipinda, nikaitupa. Mke wangu Kendi alikuwa akizikata bila kupima. Alikuwa akitoa ulimi kidogo upande wa kushoto.

Dukani ni dawa za kuku na mbegu za kabichi siku nzima. Mteja mmoja aliona gari la rimoti chini ya kaunta akashangaa, mtu mzima kama mimi. Nikamweleza. Magari mawili yanaingia uwanjani yakiteleza kwa ubavu. La mbele linachora njia. La nyuma linaifuata hiyo hiyo, karibu upana wa kiganja, bila kugusa. Halafu mnabadilishana nafasi, na waamuzi watatu wanasema nani bora.

"Kumbe ni kama ndoa," akasema. Akanunua dawa ya minyoo akaenda.

Siku kumi na moja zimebaki. Mashindano ya Meru na Embu, kule Ruiri, ndani ya ghala la viazi kabla viazi havijaingia. Sijafurahi hivi tangu tumzike Kendi mwezi wa pili.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike ninachoogopa. Sijawahi kuongoza. Mke wangu ndiye aliyeshindana. Mimi nilikuwa mtu wake wa mazoezi. Yeye mbele, mimi nyuma, miaka minne. Nilijua matako ya gari lake kuliko uso wa bosi wangu.

Sasa nimejiandikisha kwa gari lake la kijani. Kumfuata mtu najua. Kufuatwa sijui.

Jumamosi, 9 Agosti

Ruiri. Siku mbaya.

Ireri amekuja kutoka Kiritiri kuonja uwanja. Ni mchuuzi wa mbuzi, mwembamba, mdomo haupumziki. Wote wanasema ndiye bora upande wa Embu. Nikamwomba anifuate. Kona ya kwanza safi. Kona ya pili akanigonga. Tukarudia. Akanigonga pale pale. Mara ya tatu gari la kijani likaruka hadi ukutani.

"Mzee, mbona unashika breki pale? Kuna mbuzi anavuka?"

Nikamwambia hajui kufuata. Nilisema kwa sauti. Si kawaida yangu.

"Mimi nafuata mbuzi kila siku," akasema. "Hata mbuzi huonyesha akitaka kusimama."

Mwenda, fundi wa simu ambaye ndiye mwamuzi mkuu, alikuwa anarekodi. Hakucheka. Alisema tu kwamba siku yenyewe, gari la mbele likipunguza mwendo bila sababu kisha likagongwa, kosa ni la mbele. Unatoka.

Nimerudi Meru nimekasirika. Sijavua viatu bado.

Jumapili, 10 Agosti

Mwenda amenitumia video. Nimeiangalia kabla ya kanisa na baada ya kanisa.

Ireri yuko sahihi. Kabla tu ya kona ya pili gari linapunguza. Kidogo sana, kama mtu anayemeza mate. Kisha linaendelea.

Ninaujua mwendo huo. Ni wa Kendi. Kona hiyo nilijifunza nyuma yake. Alipopunguza, nilipunguza. Nilifikiri kona ndivyo inavyopitwa.

Nguo zake nilimpa mama yake. Simu yake iko kwa dada yake. Kitu chake hiki, huku kupunguza, sikujua ninacho. Kipo kwenye kidole cha kulia.

Sitaki kukiacha. Na nataka kushinda. Nataka sana, mpaka naona haya. Yote mawili hayawezekani.

Jumatano, 13 Agosti

Niliomba ruhusa nikafunga duka saa tisa. Mwenda akanifungulia ghala. Nikaendesha mizunguko ishirini peke yangu. Ishirini nikapunguza. Nilijisemea kwa sauti, usipunguze, usipunguze. Kidole hakisikii Kiswahili.

Halafu nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza zamani. Kwa nini yeye alipunguza? Hakuwa mwoga. Alikuwa akiendesha kama anayekimbizwa na nyuki.

Madereva husimama mahali pamoja, kwenye kreti zilizopangwa karibu na mlango. Kati yetu na kona ya pili kuna matairi makuukuu ya lori, yamepangwa kuzuia magari yasiruke. Mimi naona juu yake bila shida. Kendi alikuwa mfupi.

Nikakunja magoti. Nikashuka mpaka nilipokadiria macho yake yalikuwa yanafika. Kona ikapotea. Kulikuwa na matairi tu.

Kumbe alikuwa akiinuka kwa vidole vya miguu ili aione. Nikakumbuka visigino vyake vikitoka kwenye viatu. Nilikuwa nikiviona kila mara na sikufikiri kitu. Anainuka, mkono unalegea kwenye rimoti, gari linapunguza. Basi. Hiyo ndiyo siri yote ya kona ya pili.

Nikacheka peke yangu nimechuchumaa juu ya kreti. Mwenda akachungulia.

"Umeumia?"

Nikasema hapana.

"Basi simama. Unanitisha."

Nikasimama. Kona ikarudi, yote, hadi alama ya chaki. Mimi naiona. Sababu yake si yangu.

Mzunguko uliofuata nikapunguza. Uliofuata pia. Wa tatu nusu. Wa saba gari likapita pale kama maji kwenye mfereji. Nikapiga kelele.

Ijumaa, 15 Agosti

Betri zimechajiwa. Katika mizunguko kumi, nane sipunguzi. Miwili kidole kinajiamulia.

Nimeomba Mungu kuhusu kidole. Natumaini si dhambi.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike haraka kabla sijasahau mpangilio.

Ghala lilijaa. Watu wa Ruiri walikuja kutazama, wakabaki. Akina mama wakaleta uji kwenye ndoo. Raundi ya kwanza nilipangiwa mwuza miraa wa Mikinduri. Gari zuri, tairi mpya, lakini alipotea mwenyewe nilipomfuata. Nilipoongoza, kona ya pili nilipita sawa. Moja.

Raundi ya pili, fundi seremala kutoka Runyenjes. Kona ya pili kidole kikalegea. Nilikisikia kikilegea. Bahati yangu alikuwa mbali, hakunigonga. Kila mwamuzi huinua kitambaa kwa aliyemwona bora; nilipita kwa kitambaa kimoja, wawili kwa mmoja. Nilitoka nje nikanawa uso kwenye tangi.

Fainali. Ireri, bila shaka. Alipanda kwenye kreti karibu nami.

"Mzee, leo nimekuja na breki zangu pia."

Sikuelewa. Nilifikiri ni mdomo wake tu.

Kwanza akaongoza yeye. Nilimshika kama rangi. Anateleza vizuri, kwa upana, bila woga, na mimi nilikuwa pale, kiganja kimoja, mzunguko mzima. Nilisikia mota tu. Hicho ndicho ninachojua kufanya na nilikifanya.

Kisha zamu yangu mbele. Kona ya kwanza, pembe nzuri, Ireri yuko karibu sana. Matairi ya lori. Alama ya chaki. Nikasimama wima. Kidole kikabaki pale pale. Gari la kijani likaingia kona ya pili bila kumeza mate, likatoka, likaenda. Ghala zima likanguruma. Nikadhani nimegongwa.

Nilipotazama, Ireri alikuwa nyuma urefu wa mtu mzima. Alikuwa amepunguza mwendo. Ndizo breki alizosema: alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima ya kupunguza pale ninapopunguza mimi.

Vitambaa vitatu, vyote vyangu.

Ireri akanishika mkono, hakuuachilia. "Umeniua, mzee. Nilikungoja pale. Nimesimama kama mtu wa stendi, na wewe hukuja."

Nilicheka hadi machozi. Mengine hayakuwa ya kicheko. Nilifurahi. Naandika tena: nilifurahi.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeamka saa mbili. Mgongo unauma. Mvua nyepesi.

Baada ya kanisa Ireri akapiga simu. Amefika Kiritiri salama. Akaniambia hajalala, anafikiria kona ile. Akauliza kwa nini nilikuwa nikipunguza, na nikaachaje.

Nikamweleza. Mke wangu, matairi, visigino. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilisikia mbuzi upande wake.

"Pole, mzee," akasema. Kisha, "Kwani alikuwa mfupi kiasi gani?"

"Alifika hapa," nikamwambia.

Nilikuwa nimeweka kiganja kifuani, chini kidogo ya bega. Kwenye simu. Kana kwamba ananiona. Nikakiacha hapo mpaka tukaagana.