Kilichompata Tito Tangu Ile Mechi

Salvina, siwezi kupiga simu, Tito kalala hapa wodini. Leo kidogo tumpoteze mdogo wangu.

Unaikumbuka ile mechi ya chuo, alipogonga kichwa kwenye nguzo ya goli? Kocha alimmwagia maji, akamwambia, "Simama, kipa hadeki." Akadaka mpaka mwisho!

Tangu siku ile kichwa kinamuuma, mwanga hautaki, darasani haendi. Wenzake wakawa wanamcheka, eti mwoga.

Leo nimempelekea ndizi chumbani kwake Majengo. Akanikabidhi glavu zake. "Dada, mpe kipa mwingine. Mimi nimechoka kuishi."

Nimechoka kuishi! Kasema taratibu, kama mtu anayeomba maji.

Sikumwachia mkono mpaka hospitali. Daktari kasema ubongo ulitikisika, na huzuni hii ni ugonjwa, inatibika. Ila mpira basi tena.

Nilidhani atalilia mpira. Akauliza tu, "Kwa hiyo, daktari, mimi si mwoga?"

"Hapana, mdogo wangu," daktari akamjibu. "Umeumia."

Ndipo akalia, Salvina. Alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Kesho napanda Kibosho kwa mama. Hajui lolote. Nianzie wapi?