Barua ya Jeshi Kwenye Kabati la Darasa la Pili

Mshauri wetu, nakusikiliza kila Jumamosi nikipiga pasi, na leo nakuandikia mimi mwenyewe, naomba unisaidie, maana nimefanya jambo ambalo mwanafunzi wangu angelifanya ningemwita mzazi wake.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, huu mwaka wa thelathini na moja, na marehemu mume wangu alikuwa mwanajeshi, tukaishi hivyo miaka ishirini na sita, yeye kambini mimi ubaoni, na akija likizo hakai nyumbani kunisubiri, anakuja kukaa dawati la nyuma darasani kwangu, magoti yamemfika kidevuni, anawachongea watoto penseli mpaka anasinzia, nao wananiambia, "Mwalimu, afande amelala!" nami nawajibu, "Mwacheni, yeye kamaliza kazi yake." Kila alipoondoka nilihesabu siku, na kila mara alirudi, Mungu ashukuriwe, akastaafu salama, tukakaa pamoja miaka minne kabla figo hazijamchukua, miezi saba sasa. Sina malalamiko. Nilipewa mume mwema.

Sasa kitindamimba wetu, binti wa miaka ishirini, aliomba kujiunga na jeshi, nikasema sawa mwanangu, nikidhani hawatamchukua, kumbe wamemchukua. Barua zetu zinapitia sanduku la posta la shule na mimi ndiye ninayezifuata, basi nikaiona, nikaisoma, nikaiweka kwenye kabati la vitabu darasani nikafunga kwa ufunguo. Kila jioni ananipokea mkoba mlangoni, "Mama, bado tu?" nami nasema, "Bado, mwanangu." Jana akasema, "Basi nimejua, sifai," akaenda kuosha vyombo. Anatakiwa kuripoti baada ya siku tisa. Nikinyamaza, nafasi itapita na atabaki nami. Nifanye nini?

Mama Mwalimu

*

Mama Mwalimu, shikamoo, na pole kwa msiba. Hilo la dawati la nyuma limenichekesha peke yangu hapa studioni. Sasa nivumilie, maana nitakusema.

Barua hiyo si yako. Umemwibia mwanao, na kibaya zaidi, umemwacha aamini kwamba hafai. Wewe, unayejua mtoto akiambiwa hafai anavyokunja mabega! Upweke nauelewa, mama, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Lakini binti hakuzaliwa aje kuziba pengo la baba yake.

Tena hebu jisikilize. Umeniandikia kuomba msaada, na nusu ya barua ni shukrani. Mtoto aliyelelewa na watu wawili walioipenda kazi yao namna hiyo, ulitaka aige nini?

Kipindi hiki kikiisha, nenda shule ukafungue kabati. Najua ni Jumamosi, lakini ufunguo unao. Mpe barua mkononi kabla hujavua viatu, useme, "Nilikuficha, nimekosa." Usianze na machozi, utamfanya akubembeleze wewe wakati mwenye haki ya kununa ni yeye. Akinuna, mwache anune. Kesho yake mkae msome orodha ya vitu vya kwenda navyo, maana siku zimepungua tangu uniandikie.

Siku ya safari msindikize hadi kituoni, umwambie uliyoniambia mimi, kwamba hujutii hata siku moja uliyomngoja baba yake. Maneno hayo yasiishie redioni.