Jiko Lililofunikwa Kitambaa

Baba Beata,

Naenda kuchuma kahawa. Maharage yamechemka, yaunge kwenye jiko la ruzuku. Mafiga usiyawashe.

Asubuhi afisa alikuja kukagua majiko banifu yaliyotolewa na serikali. Letu amelikuta sebuleni, limefunikwa kitambaa, na mimi jikoni napuliza kuni. Nikamweleza ulivyosema: jiko lile halina moshi, na mbegu za mahindi tulizotundika juu ya mafiga zitabunguliwa. Akaandika kwamba hatulitumii, apewe mwingine.

~~Mbegu zishushe.~~ Mbegu nitazishusha mwenyewe nizichanganye na majivu, wewe utazimwaga.

Nimemwomba afisa arudi saa kumi. Akukute unapika wewe. Mimi kikohozi changu ameshakisikia.

Mama Beata