Nimemsuka Jirani wa Kitanda, Mama Amenigeuzia Mgongo

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu, u hali gani, na lile goti ulilotuambia linakusumbua limepata nafuu? Sisi kwa rehema za Mungu tunaendelea, ila nina jambo limenikaa kooni, naomba unisaidie.

Mimi ni mtu wa makamo, fundi wa kushona sare za shule, na mama yangu mzazi amelazwa kwa kuvunjika nyonga, kila jioni nampelekea uji na kumchana nywele, sasa kitanda cha pili yupo mama mmoja wa rika lake hana mtu, saa ya kuwaona wagonjwa ikifika yeye hutazama mlango mpaka kengele ilie, na nywele zilikuwa zimejifunga kama kiota, basi siku moja nikamwambia, "Shangazi, hebu lete kichwa," nikamchana, nikampaka mafuta, nikamsuka mistari, tukacheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Ikawa ndiyo desturi, namaliza kwa mama nahamia kwa shangazi, kumbe mama moyoni anaumia. Juzi namfungulia uji akageukia ukutani, akasema, "Kampe shangazi yako. Nilidhani nimezaa binti wangu, kumbe nimezaa binti wa wodi nzima."

Nikamwambia, "Mama, yule hana mtu."

"Na mimi ninaye?"

Sasa uji wangu hanywi, na shangazi naye, maana masikio anayo, nikiingia anajifunika shuka gubigubi anajifanya amelala, lakini vidole vya miguu vinacheza. Kaka yangu anasema niachane na watu baki. Nimeomba, nimefunga, bado sijaona njia, kumtupa kiumbe wa Mungu naona dhambi na kumliza mama ni dhambi zaidi, tafadhali nijibu mapema.

Binti wa Wodi Nzima

JIBU

Binti wa Wodi Nzima, goti bado linauma, lakini wewe ndiye wa kwanza kuliulizia, na leo nimetembea vizuri kidogo.

Moyo wako nimeupenda. Kichwa chako ndicho kinataka konzi. Shangazi ulimchana, ukampaka mafuta, ukamsuka, mkacheka. Mama je? "Kumchana nywele," basi. Barua yako mwenyewe imekushitaki. Mama hana wivu wa mafuta, ndugu yangu. Amelala pale hajiwezi, na kicheko cha mwanawe anakisikia kitanda cha pili.

Yule mgonjwa usimwache. Watu husema tenda wema uende zako, lakini wewe huendi popote, kesho utamkuta pale pale anachungulia kwenye shuka. Na kaka yako, kama ana nafasi ya kutoa maneno, anayo ya kubeba chupa ya uji.

Kesho anza kwa mama. Msuke kama bibi harusi, umpigie soga zote. Usimhubirie huruma, wewe uliijifunza kwa nani kama si kwake? Ukimaliza muulize, "Mama, huyu jirani yetu tumsuke vipi?" Sema hivyo, jirani yetu. Mwombe muuguzi asogeze kitanda cha shangazi karibu na cha mama, na kitana akishike mama, maana kilichovunjika ni nyonga, mikono ni mizima. Atakukosoa, atasema mistari imepinda. Fumua, usuke upya.

Uji nenda nao wa vikombe viwili, cha mama kijae zaidi. Kisha uniandikie upesi, nataka kujua nani alianza kucheka.