Nge wa Taa

2 Mei

Shikamoo Baba. Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima.

Kazi imepamba moto. Tunaunda wanyama wa jangwani kwa vyuma na taa, wa kuwekwa bustanini: mbweha mwenye masikio kama milango, na nge wangu, ambaye mkia wake umelipita paa la karakana. Ukimshika gando, mwanga unatembea kutoka kiganjani mwako hadi kwenye mwiba.

Jana nilipomshika, vidole vilikufa ganzi. Msimamizi akacheka: "Nge bila sumu ni nge gani?"

Binti yako


9 Mei

Marahaba mwanangu. Magoti yanalia kama bawaba, lakini nipo.

Habari za mbweha zimenichekesha. Za ganzi, hapana. Huo ni umeme unaovuja. Nimekuwa fundi umeme miaka thelathini: chuma kikikunong'oneza leo, kesho kitapiga kelele. Mzime, mfungue tumbo, utafute waya wa ethi, ule wa kuutupa umeme ardhini.

Baba


14 Mei

Shikamoo Baba. Nimemfungua. Waya upo, umekunjwa vizuri, haukufungwa popote. Nikamwonyesha msimamizi. "Baada ya ufunguzi," akasema, "na usimguse tena." Ufunguzi ni Jumamosi ijayo, shule tatu zimealikwa. Nge yuko nje sasa, na mvua haikatiki. Nifanyeje?

Binti yako


17 Mei

Mwanangu, salamu zitasubiri.

Uliwahi kuniuliza kwa nini niliacha kazi mapema, nikasingizia magoti. Niliona waya kama huo kwenye mashine ya kiwandani. Nikasema, nitaufunga kesho. Mwenzangu hakuifikia hiyo kesho. Hata mama yako hajui.

Chomoa kebo. Wakikufukuza, chumba chako kipo.

Baba


26 Mei

Shikamoo Baba. Unisamehe mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji hadi begani.

Asubuhi ya ufunguzi niliichomoa kebo. Msimamizi akanitoa nje ya geti. Watoto walikuwa wameshapanga foleni kwenye matope. Kupitia nondo za uzio nikaona mwiba unawaka tena. Nikaruka uzio. Msichana wa mbele, mwenye sweta la bluu, alishanyoosha kiganja. Nikamsukuma, nikateleza, nikalidaka gando mimi.

Hakuna mtoto aliyeumia. Lakini msimamizi anawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyeharibu nyaya. Na leo muuguzi kaniambia bustani inafunguliwa tena Jumamosi, nge akiwa palepale.

Njoo, Baba. Njoo na koleo zako.

Binti yako