Mupite: kwa Noëlla wetu na klipu zake za mwaka wa 2019

Weye unayepitisha kidole kwenye simu, juu ya tangazo hili la kumbukumbu, ili ufike haraka kwenye kichekesho kinachofuata, simamisha kidole. Picha hii unaijua. Mwanamke huyu mwenye kamera begani ndiye aliyekuchezesha mwaka mzima, na siku jina lake lilipofutwa kwenye klipu zake uliangalia pembeni ukasema, "Iko vile." Leo hatuongei na weye. Tunaongea naye. Lakini baki hapo, usikie.

Noëlla, mwaka umezunguka na kurudi palepale ulipotuachia. Ulitoka nyumbani, mtaani kwetu Rwambuzi hapa Bunia, kwa miguu yako, unaenda kupiga klipu ya harusi. Ulirudi na homa, na homa ile ikakuchukua jumla.

Tunakukumbuka na karanga zako mfukoni, kwa sababu kwako hakuna mchezaji aliyecheza na njaa. Tunakukumbuka unapangusa kioo cha kamera kwa ncha ya kitenge, unaisemesha kamera kama mbuzi mkaidi: "Leo utaniona vizuri ao utabaki nyumbani?" Ulikuwa unacheka kwanza, ndipo unasema kitu cha kuchekesha.

Na tunaukumbuka mwaka wako wa 2019. Deux mille dix-neuf: ulitamka hivyo kwa midomo yote, kama mtu anayeita mtoto wake mzuri. Mwaka ule kila harusi ya Bunia, kila baa, kila kibanda cha kuchaji simu kilikuwa na klipu yako. Wapiga klipu wenzako walifunga njia kwa kamba na kufukuza watu: "Mutoke! Mutoke! Tunafanya kazi!" Weye uliifungua. Mwimbaji akishasimama na muziki ukianza, ulipaza sauti: "Mupite!"

Mara ya kwanza watu walifikiri unawafukuza. Mama yako Honorine mwenyewe, ndoo kichwani, aliposikia mupite alikaza mwendo akazunguka nyuma ya nyumba. Ulimkimbilia.

"Mama, apana! Upite apa, mbele."

"Mbele ya kamera? Na hii kitambaa ya jikoni?"

"Na hiyo hiyo."

Akapita. Aimé, yule dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyekuwa anaimba mapenzi akiwa amevaa miwani ya giza, akakata wimbo katikati. "Yaya Noëlla, dada yangu! Mama yako anaharibu klipu yangu!"

"Anakutengenezea. Ile miwani yako iko hata Paris. Bila ule mama na ndoo, nani atajua uliimbia Bunia?"

Klipu ilipotoka, watu hawakuitaja kwa jina la wimbo. Walisema, "Utuwekee ile ya mama na ndoo." Mwisho Aimé naye akawa anajitangaza hivyo jukwaani, tena kwa majivuno.

Kisha ile ya wachimba dhahabu. Ulikwenda mpaka machimboni kwa sababu ya wimbo wa harusi, ukawapanga wanaume wa msikiti na wanaume wa kanisa mstari mmoja, matope mpaka magotini. Mmoja, Rachidi, wenzake wakienda kuume yeye alienda kushoto. Mdogo wako Lydie, aliyekuwa anakushikia mwavuli, alikuuliza, "Nimutoe?" Ukasema, "Umuache. Ule ndiye wimbo." Hadi leo, katika harusi za Bunia, ngoma ile ikifika pale, ukumbi mzima unaenda kushoto. Rachidi udongo ulimfunika shimoni. Hatua yake ingali inatembea.

Na ile ya kwaya ya Gety, kule nje ya Bunia, siku ya soko. Kwaya imesimama, imevuta pumzi, na Chancelle, binti wa Mama Annette, anapita na beseni la viazi. Anasimama. Anaikazia kamera macho.

"Muko nakamata siye mu kamera na viazi?"

"Na viazi!"

Akacheka, mkono mdomoni, kwaya nayo ikashindwa kujizuia, na weye hukukata kitu. Kicheko cha Chancelle kilitangulia wimbo.

Sasa sikia walichofanya, Noëlla. Matanga yako hayajaisha, studio uliyoifanyia kazi (jina lake hatulitaji, wenyewe wanajijua) ilichukua klipu zako ikazipunguza. Ilitoa ndoo. Ilitoa Rachidi. Ilitoa viazi. Jina lako likaondoka, lao likaingia kwa herufi za rangi ya dhahabu. Kisha wakaisafisha diski yako yote, iliyokuwa na klipu nzima, eti walihitaji nafasi. Mdogo wako Xavier alikwenda kuwauliza, wakamjibu bila kuinua macho: "Wale batu ya njiani, nani anabajua?"

Siye tunawajua! Tunamjua kila mmoja, na nyumba yake, na aliyemlilia.

Mama Annette alikuja kwetu. Alikimbia vita vya Gety na nguo moja, Chancelle hakufika Bunia, na picha zote ziliungua pamoja na nyumba. Alikaa kwenye kiti chako. "Noëlla alimukamata mutoto yangu mu kamera," akasema. "Munionyeshe yeye." Mume wako Hilaire alifungua simu. Herufi za dhahabu zikatokea, kisha kwaya, tayari inaimba. Mama Annette aliangalia mpaka mwisho.

"Na Chancelle?"

Hilaire alipapasa kioo, akitafuta mwanzo mwingine.

"Uanzishe tena, baba. Labda tulichelewa kufungua."

Alianzisha tena. Akaanzisha tena. Ni siye tuliomwomba Mama Annette apumzike.

Wapo waliotuambia, iko vile, mumuachie Mungu. Mungu tunamwamini, lakini si yeye aliyefuta diski. Na yaliyofutwa katika diski moja hayakufutwa Bunia. Mwaka ule watu walitumiana klipu zako simu kwa simu, memori kwa memori, hakuna studio inayoweza kuzifuata zote. Lydie amekwisha kupata ile ya mama na ndoo, nzima, katika simu yenye kioo kilichopasuka kwa msusi mmoja wa jirani. Ile ya machimboni tumeipata kwa fundi wa redio, na Rachidi anaenda kushoto kama ulivyomwacha. Imebaki ya Gety. Iko. Tunajua iko, na tutaipata.

Tunaokukumbuka ni siye: mama yako Honorine, anayebeba ndoo mpaka leo na watoto wanamshangilia, mume wako Hilaire, wadogo zako Xavier na Lydie, binti yako Jemima, ambaye kamera sasa iko begani mwake na amekwisha kuanza kugombana nayo, na Mama Annette, ambaye tumemhesabu kuwa wa nyumba. Kukusahau hatukujifunza, Noëlla, na hakuna atakayetufundisha.

Na weye uliyebaki hapa mpaka mwisho, sasa tunasema nawe. Ulicheza mwaka ule. Kwa hiyo iko simu ya zamani nyumbani kwako, ndani ya kabati, chini ya nguo, betri imevimba, ao mtoto anaifanya mchezo. Usiiuze. Usifute kitu. Inuka sasa hivi uitafute, uichaji, uangalie kama klipu ya Gety inaanza kwa kicheko. Siku hii ya Mungu, Jumapili, baada ya misa, Hilaire atakuwa na kompyuta ya kunakilia klipu na jenereta kwenye baraza yetu Rwambuzi, na Mama Annette atakuwa amekaa pembeni yake, akingoja simu yako.

Mupite.